Mbwa Wangu Karani na Mchumba Asiye na Uso

Walio wakubwa kwangu, shikamooni. Walio wadogo, marahaba, hata kama hamjaamkia. Tuendelee tulipoachia.

Kwa aliyekosa gazeti wiki zilizopita: mimi ni Bibi Dorothea wa Shume, mfuma masweta ya shule. Nina mbwa aitwaye Karani, kwa sababu hukaa mlangoni akimtazama kila anayeingia kama anataka kumuuliza shida yake. Alipokuwa mdogo aliugua upele, manyoya yakapukutika yote, nikamfumia sweta kwa nyuzi zilizobaki. Mwili wa kijani, mkono mmoja rangi ya damu ya mzee.

Msomaji mmoja wa Mnazi ameuliza ni mbwa gani huyo wa kuvaa sweta. Mjukuu wangu, wewe huko chini kwenye joto unalala na shuka moja. Panda Shume mwezi wa saba uone kama hutamvua Karani hilo sweta ulivae wewe.

Basi nilimpiga picha, nikawatumia watu wangu. Picha zikaibwa. Kwanza Karani alionekana mtandaoni akitangaza dawa ya viroboto, yeye ambaye viroboto wake nawajua kwa sura. Kisha akatangazwa kwamba amepotea Arusha, watu wakamlilia, na wakati huo amelala miguuni pangu anakoroma. Hayo nilicheka.

La tatu sikucheka. Mtu anayejiita Kristian, bwana misitu wa Shume, alizichukua picha za Karani akamchumbia nazo msichana. Uso wake hakuuonyesha hata mara moja. Alituma picha za mbwa, za baraza yangu, na moja yenye mkono wa mwanamume umeshika ukosi wa Karani.

Mkono huo ni wa Elisante, mjukuu wangu niliyemlea. Ukucha wake wa dole gumba ulikufa siku gogo lilipomwangukia msituni. Picha hiyo niliipiga mimi.

Jumapili ile Elisante na mchumba wake Janeth walikuwa wanatangazwa kanisani kwa mara ya tatu na ya mwisho. Mchungaji Sefania akauliza, kama ilivyo desturi, kama yupo mwenye kujua kizuizi. Mlango ukafunguka. Akaingia msichana mgeni na mfuko begani, na nyuma yake Karani, mkia juu.

Msichana akasema, "Mimi nakijua."

Hapo ndipo tulipoachia.

* * *

"Kizuizi gani, binti?" akauliza Mchungaji.

"Huyo bwana harusi ni mchumba wangu."

Kanisani hata vichanga viliacha kunyonya.

Elisante akasimama. "Mimi? Dada, sikujui."

"Hunijui, Kristian?"

"Siitwi Kristian!"

"Na huyu mbwa haitwi Karani?"

Karani, kusikia jina lake, akapita katikati ya mabenchi mpaka mbele, akaketi chini ya mimbari, akawatazama washarika mmoja mmoja. Sasa hapo nani angemwamini Elisante?

Msichana akatoa simu. Mchungaji akavaa miwani. Akaona sweta. Akaona baraza yangu, na birika langu juu ya kigoda. Akaona ule mkono.

"Elisante," akasema polepole, "hebu nyoosha dole gumba."

Elisante akanyoosha. Kanisa likaguna.

"Mtoeni nje huyo msichana!" Mama Janeth akaruka kwenye benchi. "Harusi imepangwa, vitenge vimeshonwa, yeye katoka wapi?"

"Natoka Amani," msichana akajibu kwa adabu. "Kwenye mashamba ya chai. Naitwa Secilia. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoeni!"

Mimi nilikuwa namtazama Janeth. Hakulia. Aliweka mikono mapajani akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nikasema moyoni, mtoto huyu ana nguvu za ajabu. Watu wanaanguka kwa machache kuliko haya.

Mchungaji akaikunja karatasi ya matangazo. "Nawapa mpaka Jumamosi jioni. Jambo hili lisipokuwa wazi, Jumapili nitasimama hapa niseme ndoa hii haipo. Na nikishasema, sitasema tena vinginevyo."

* * *

Watu walipotawanyika, Secilia alibaki ukutani na mfuko wake. Mvua ilianza. Kila mtu alikuwa amemkasirikia, lakini nilimwona mke wa mzee wa kanisa akipita karibu naye, akamwachia mwavuli bila neno, akaendelea na safari yake huku analowa. Hilo nililiona na nimelitunza.

Nikamkaribia. "Onga mshi," nikamsabahi kwa Kishambaa, kwa mazoea tu.

"Sijui kuitika, bibi. Wazazi wangu walikuja kuchuma chai kutoka Songea. Shikamoo."

"Marahaba. Una pa kulala?"

"Nilidhani ninapo."

Neno hilo lilinimaliza. Nikamshika mkono, tukaenda nyumbani, Karani akatangulia kama mwenye nyumba.

Mlangoni tulimkuta Elisante. Nilidhani atafoka. Akamtazama yule msichana aliyelowa, akaingia chumbani kwake, akatoka na godoro la pili na koti lake.

"Alale chumbani kwangu," akaniambia. "Mimi nitalala stoo, kwenye magunia ya viazi."

"Hujamkasirikia?"

"Nimekasirika sana, bibi. Lakini naye kadanganywa. Tumedanganywa kwa mbwa mmoja."

Ndiyo maana nampenda mjukuu wangu.

Secilia alipokauka, akatoa mfukoni pakiti ya majani ya chai iliyofungwa kwa kitambaa safi. "Nilimletea mama yake Kristian. Alisema mama yake hunywa ya rangi, na mchaichai, na chumvi kidogo."

Nikaacha kuchochea moto.

Wasomaji, mnajua mimi hunywa nini? Chai ya rangi, mchaichai, na chumvi kidogo, ambayo mwenyewe naona aibu kuitia mbele ya wageni.

"Secilia, mwanangu, huyo Kristian alikuomba nini?"

"Hakuna."

"Hata vocha?"

"Hata vocha. Alikuwa ananiuliza nimekula nini. Kama mgongo unauma baada ya kuchuma. Nikimwambia nimenyeshewa, ananiambia nichemshe maji ya kuoga. Nilipomwambia nataka kumwona, akasema, njoo Shume Jumapili hii, uliza kanisa, utamkuta Karani mlangoni."

Nikakaa chini. Mwizi wa picha zangu ana huruma kuliko wachumba wengi niliowaona. Na amewahi kuketi jikoni kwangu.

Jioni ile ile nikamwendea Mama Janeth na hoja yangu. "Dada, hebu fikiri. Kijana anayetangazwa ndoa atamwalika mchumba wa pili kanisani, siku hiyo hiyo?"

"Wanaume wana akili gani, Mama Dorothea?"

"Elisante anazo."

"Basi azitumie! Jumamosi ikipita mwanangu atabaki na vitenge. Kila siku anakuja kukusaidia kazi zako, anakufutia simu yako, anakuchotea maji, halafu haya ndiyo malipo yake?"

Ni kweli. Janeth ndiye aliyenifundisha kupiga picha. Janeth ndiye anayeipeleka simu yangu kwenye chaji na kuirudisha imefutwa vumbi kwa upindo wa kanga yake. Wengi wana simu nzuri kuliko yangu, lakini hakuna mwenye simu safi kama yangu.

Na nilipokuwa natoka, huyo huyo Mama Janeth aliyenisema akanitwika mzigo wa kuni. "Una mgeni," akasema kwa hasira. "Utampikia kwa nini?"

* * *

Usiku sikuwaza. Mimi nawaza vizuri nikiwa na sindano mkononi. Jumatatu asubuhi nikavuta kapu langu la nyuzi.

Nikamfumia Karani kofia. Siyo moja. Ya kijani, ya bluu, ya njano na nyeupe, kila moja na kishungi juu. Nikamvalisha ya kijani, nikampiga picha, nikaituma kwenye kundi la kwaya ya akina mama. Nikamvalisha ya bluu, picha ikaenda kwa Elisante, ingawa yuko hapo stoo na angeweza kutoka akamwona. Ya njano kwa Mama Janeth. Nyeupe, Mungu anisamehe, kwa Mchungaji Sefania.

Mmeshanielewa. Kristian akituma picha mpya ya Karani, nitaitazama kofia, nitajua imetoka simu ya nani.

Kwa Janeth sikutuma. Niliona ni kumtonesha kidonda.

Kulikuwa na kofia ya tano, nyekundu, ya majaribio. Picha yake ilikuwa mbaya. Karani aligeuka wakati wa kupiga, ikatoka sehemu yake ya nyuma imeelekea kwetu na kofia inachungulia kwa mbali. Nikaibakiza kwenye simu nicheke mwenyewe. Kofia yenyewe aliitafuna mchana ule ule mpaka kishungi.

Elisante alipoona picha yake akaja jikoni. "Bibi, huyu mbwa sasa anaenda shule?"

"Yuko kazini."

"Kazi gani?"

"Ya kukuoza, mghoshi, mwanamume wewe. Nenda kafanye yako."

Secilia peke yake ndiye niliyemweleza. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Kisha akauliza, "Bibi, tukimpata Kristian, nitamwona?"

"Utamwona."

"Sijui kama nataka."

Tukangoja. Jumanne Kristian kimya. Jumatano kimya. Kwaya wakanijibu kwamba Karani kapendeza, Mchungaji akajibu "Amina," Mama Janeth akajibu, "Watu wana msiba wewe unavalisha mbwa." Alhamisi kimya. Secilia akanisaidia kumenya, kufua, kupalilia kabichi. Ana vidole vyepesi, amezoea kuchuma bila kuumiza kikonyo. Ijumaa kimya.

Nilianza kuogopa. Elisante hakuwa anakula. Alikuwa anamwaga chakula chake taratibu kwenye sahani ya Karani, akidhani sioni.

* * *

Jumamosi asubuhi Janeth alikuja mapema kabla ya wote. Akapiga magoti kuniamkia.

"Nimekuja kukusaidia, bibi. Wageni wa leo wanataka chai."

"Mwanangu, siku kama ya leo ungekaa kwenu upumzike."

"Kwetu hakuna kupumzika." Akachukua simu yangu juu ya meza. "Hii nayo imeisha chaji. Niiweke, na nifute picha zilizojaa. Imelemewa."

Akairudisha yeye mwenyewe kwenye kapu la nyuzi, ninapopenda kuiweka. Nikamwombea baraka.

Alasiri wakaja. Mchungaji Sefania akakaa kwenye kiti chenye mgongo. Mama Janeth akakaa kwenye benchi lote, maana alikaa katikati na hakuna aliyethubutu kumsogeza. Elisante alisimama karibu na mlango. Secilia nilimweka dirishani, kuelekea mti wa mapeasi, kwa sababu mtandao kwetu hushikia pale tu, na hata hapo kwa kuja na kuondoka. Janeth alikuwa jikoni anaandaa chai.

Nikawaeleza kuhusu kofia.

"Mimi ulinitumia ya njano!" Mama Janeth akawaka. "Kumbe ulinishuku?"

"Hata mimi nilipata," akasema Mchungaji. Akavua miwani akaifuta. "Nyeupe. Niliona ni heshima."

"Baba Mchungaji, nilimshuku kila mtu ili nisimwonee mtu."

"Na kofia haijaonekana," Mama Janeth akasema. "Jua linazama. Kristian ni huyo hapo mlangoni, mtafute lingine la kufuma."

Elisante akainamisha kichwa. Mchungaji akamtazama, akaitazama saa yake, nikaona anatafuta maneno ya upole ya kusema jambo gumu.

Hapo simu ya Secilia ikalia.

Wote tukaruka. Karani akabweka.

"Ni yeye," Secilia akasema. "Meseji ya tangu asubuhi, ndiyo inaingia sasa."

"Isome," akasema Mchungaji.

"Ameanza na jina analoniita. Hilo sitalisema." Akaruka mstari wa kwanza. "Halafu anasema: Karani anakusalimia. Nakuomba usiondoke Shume mpaka Jumapili ipite."

"Mpaka ndoa ivunjike!" akasema Mama Janeth. "Mnaona? Kuna mtu hataki hii ndoa!"

"Na picha?" nikauliza. "Kofia rangi gani?"

Secilia akageuza simu. Ilikuwa sehemu ya nyuma ya Karani, imeelekea kwetu, na kwa mbali kofia inachungulia.

Nyekundu.

"Nyekundu ni ya nani?" Mchungaji akauliza.

Kila mtu akatafuta kwenye simu yake. Bluu. Njano. Nyeupe.

"Mama Dorothea," akasema Mchungaji, "nyekundu ulimtumia nani?"

"Sikumtumia mtu," nikasema.

"Basi nani anayo?"

"Mimi. Na kofia yenyewe imetafunwa."

Mchungaji akafikiri. Akamwambia Secilia, "Binti, mjibu. Muulize yuko wapi."

Secilia akaandika. Akanyoosha mkono nje ya dirisha kuutafuta mtandao, akabonyeza.

Kapu langu la nyuzi, lililo chini ya dirisha lile, likalia.

* * *

Mchungaji ndiye aliyeitoa simu, kutoka katikati ya uzi wa bluu. Akaitazama, akanionyesha. Laini yangu ni moja, niliyosajili mwenyewe. Kumbe ndani kulikuwa na ya pili sijawahi kuiona, na juu yake jina: Kristian. Na chini yake maneno ya Secilia yameingia wakati ule ule: Uko wapi?

"Yuko hapa," akasema Mchungaji kwa unyonge.

Mama Janeth alinyanyuka taratibu, mikono kiunoni. "Bwana misitu!" akaniita. "Shikamoo, bwana misitu! Kumbe misitu yenyewe ni nyuzi!"

"Mama Janeth, mimi sijui..."

"Hujui! Simu yako, mbwa wako, picha yako, kofia yako, hujui! Humtaki mwanangu, sema tu. Uliona atakuchukulia mjukuu."

Elisante akasema, "Bibi hawezi hata kufuta picha."

"Basi ni wewe unayeitumia simu yake! Nani mwingine anaishi humu?"

Hapo ndipo nilipoona ninapokwenda, na hili ndilo ninaloungama kwenu leo.

Nikisema si mimi, lawama inarudi kwa Elisante. Hakuna mwingine ndani ya nyumba. Mchungaji atasimama Jumapili, atasema ndoa haipo, na alisema hatasema tena vinginevyo. Nikisema ni mimi, kijana wangu anaoa. Na mimi? Mimi ni mzee. Watanicheka sokoni, watanunua masweta yangu hivyo hivyo, baridi haichagui mfumaji.

Nikamtazama Elisante. Nikamkumbuka kwenye magunia ya viazi.

"Ni mimi," nikasema.

Mchungaji Sefania alikaa chini. "Wewe, mama? Kwaya? Kiongozi wa sauti ya kwanza?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?"

Uongo ni kazi ngumu, wasomaji. Kufuma nakujua, huku sikujui. "Upweke," nikasema. "Nilitaka mtu wa kuongea naye jioni."

"Ukajifanya mwanamume?"

"Nilianza na mbwa, mengine yakafuata."

Elisante alifumba macho. Anajua nikidanganya navuta upindo wa kanga, na nilikuwa naukamua kama maziwa.

Lakini Mama Janeth alikuwa amegeuka mtu mwingine. Akapiga makofi, akaja akanikumbatia. "Basi ndoa ipo! Baba Mchungaji, kizuizi kiko wapi? Hakuna! Bibi kachezea simu, tumemsamehe. Mama Dorothea, nimekusamehe kabisa. Janeth! Leta chai, ndoa ipo!"

Jikoni nikasikia vikombe vikigongana kidogo.

"Kama mama amekiri," Mchungaji akasema, "Elisante hana kosa. Kesho nitasema hakuna kizuizi. Mama Dorothea, wewe na mimi tutaongea baadaye."

"Ndiyo, baba."

Nilikuwa nimefaulu. Moyo wangu ulikuwa mwepesi na mzito pamoja. Nikatafuta pa kutazama, macho yakakutana na ya Secilia.

Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyotazama chai kabla ya kuichuma, akipima kama imekomaa. Siku sita amelala kwangu, amekula kwangu. Akaja, akachuchumaa mbele yangu, akaniachisha upindo wa kanga nilioushika.

"Bibi, samahani," akasema kwa sauti ndogo. "Usinichukie. Kama ni wewe, Kristian ananiitaje?"

Mungu wangu.

"Anakuita..." nikaanza. "Mpenzi."

"Hapana."

"Kipenzi."

"Hapana, bibi."

"Asali?"

Mama Janeth akadakia. "Msichana, usimsumbue mzee, amesahau! Ana miaka mingi!"

"Ameniita hivyo kila siku," Secilia akasema. "Hata asubuhi ya leo. Hawezi kusahau."

Mchungaji akainuka nusu kwenye kiti. "Mama Dorothea?"

Nikayatazama majani ya chai rafuni. "Chai," nikajaribu. "Jani. Kikonyo."

Sauti ikatoka mlango wa jikoni.

"Umande."

Secilia akageuka kama aliyechomwa.

Janeth alikuwa amesimama na sinia. Kikombe changu nilikiona pembeni yake, cha rangi, na mchaichai.

"Anamwita Umande," Janeth akasema. "Kwa sababu huchuma majani yakiwa bado na maji. Muacheni bibi. Hajui kitu. Bibi wa watu hajui hata kuzima hiyo simu."

Karani akainuka, akaenda akaketi mguuni kwa Janeth kama alivyozoea, maana Janeth ndiye aliyempiga picha ya kwanza, siku ile aliponifundisha.

"Janeth," Elisante akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto niliyemlea. "Kama ulikuwa hunitaki, si ungeniambia?"

"Wewe huna kosa. Wewe ni mtu mwema, ndiyo maana nilishindwa." Machozi sasa yalikuwa yanamtoka, yale ambayo hakuyatoa kanisani. "Secilia, nisamehe. Nilitaka mtu mmoja tu wa kusimama pale kanisani aseme kipo kizuizi. Sikujua ningezoea kukuuliza umekula nini."

Mchungaji akamgeukia Janeth. "Binti, kwa nini ulishindwa kusimama mwenyewe? Nani alikuzuia kusema hapana?"

Janeth akaweka sinia mezani. Akafuta mikono kwenye kanga, ile ile anayofutia simu yangu.

"Muulizeni mama," akasema, "alimwahidi nani, na kitu gani, ili mimi niolewe kabla ya Pasaka."

Tukageuka wote kwa pamoja. Na Mama Janeth, ambaye tangu Jumapili hakuna aliyewahi kumsikia ananyamaza, alikuwa ameshika kikombe changu cha chai ya chumvi, anakinywa chote, na hasemi kitu. Wiki ijayo tuanzie hapo.